Kinachomkuza Mtoto Tumboni

Uzito wa mtoto siku anapozaliwa hutokana na mambo mawili: muda aliokaa tumboni na kasi aliyokua nayo. Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa na uzito pungufu mtoto yeyote aliyezaliwa chini ya gramu 2,500, na kwa mwaka 2020 lilikadiria kuwa watoto milioni 19.8, karibu mmoja kati ya saba, walizaliwa hivyo. Lakini gramu 2,300 za mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 si sawa na gramu 2,300 za mtoto aliyetimiza miezi yake yote. Yule wa kwanza huenda alikuwa akikua vizuri, ila aliwahi kutoka. Wa pili alikaa muda wake wote bila kupata vya kutosha. Mizani ya materinite haiwezi kuwatofautisha. Kinachowatofautisha ni umri wa mimba, na mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho humwacha mkunga akibahatisha.

Katika miezi ya kwanza ukuaji hauonekani. Wiki ya 12 mtoto ana gramu kama 14 tu. Wiki ya 20 anafika gramu 300 hivi, wiki ya 28 anakaribia kilo moja, kisha anaongeza kama gramu 200 kila wiki kwa sehemu kubwa ya miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo sababu watu wengi huamini kwamba mama anapaswa kuangaliwa hasa tumbo linapokuwa kubwa. Imani hiyo ina kosa moja kubwa: njia atakayolishwa mtoto katika miezi hiyo ya mwisho hujengwa mapema mno, kabla jirani hajajua kuwa mwanamke huyo ana mimba.

Njia hiyo ni kondo la nyuma. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Hukaribiana ndani ya kondo, na kupitia kuta zake nyembamba hupita oksijeni, sukari, mafuta, madini na kinga, huku uchafu ukirudi upande wa mama. Ili kazi hiyo iende vizuri, chembe za kondo huingia ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi na kuipanua mishipa midogo ya damu ya mama, mpaka mirija iliyokuwa myembamba na yenye kujikaza inakuwa mipana na tulivu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika kufikia karibu wiki ya 20. Mimba ikitimia, kondo huwa na uzito wa karibu nusu kilo, na mfuko wa uzazi hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Mishipa isipopanuka vya kutosha, mtoto hana shida mwanzoni kwa kuwa mahitaji yake ni madogo. Upungufu huonekana mwezi wa saba au wa nane, anapohitaji chakula kingi na njia ikawa nyembamba.

Mjini Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, wanawake wengi hufika CPN, yaani kliniki ya wajawazito, kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba ya miezi mitano au sita. Sababu zinaeleweka: fedha ya kujiandikisha na ya vipimo, safari kutoka Katuba au Ruashi, foleni ya asubuhi, na desturi ya kutotangaza mimba changa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha idadi ya ziara za wajawazito kutoka nne hadi nane, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Ziara hiyo ya kwanza ina thamani kuliko zote zinazofuata, kwa sababu ndiyo inayompa mkunga muda mwingi zaidi wa kubadilisha jambo.

Mwili wa mama wenyewe huweka mpaka wa ukubwa wa mtoto. Mwaka 1938 Arthur Walton na John Hammond wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwachanganya farasi wakubwa wa aina ya Shire na farasi wadogo wa Shetland. Mtoto wa mama mkubwa na baba mdogo alizaliwa mkubwa. Wa mama mdogo na baba mkubwa alizaliwa mdogo, ingawa urithi wao ulikuwa wa aina moja. Kwa binadamu hali ni hiyohiyo kwa kiasi kidogo zaidi: baba huchangia katika urithi wa kimo, lakini nafasi na chakula hutoka kwa mama. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vya ukuaji wa mtoto tumboni vilivyotokana na wanawake 1,387 wenye afya njema katika nchi kumi, Kongo ikiwemo, ambako wanawake walifuatiliwa mjini Kinshasa. Hata miongoni mwa wanawake hao waliochaguliwa kwa kuwa hawakukosa chakula wala matibabu, umri wa mama, kimo chake, uzito wake na idadi ya watoto aliokwisha kuwazaa vilibadilisha uzito wa mtoto.

Mzaliwa wa kwanza kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wadogo zake kwa gramu 100 hadi 200, na hilo si ugonjwa. Kimo nacho hakibadiliki mtu akishakuwa mzima. Umri na nafasi kati ya mimba ni mambo mengine kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya wasichana wa Kongo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Msichana wa miaka 15 au 16 bado anakua yeye mwenyewe, na mwili wake hugombania chakula kilekile na mtoto aliye tumboni. Tena yuko katika mimba ya kwanza, ambayo hushambuliwa zaidi na malaria na presha. Mwanamke anayeshika mimba wakati mtoto aliyetangulia hajatimiza mwaka na nusu naye huingia na akiba iliyopungua, hasa ya chuma na asidi foliki. Ushauri wa kimataifa ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Chakula ndicho kinachozungumzwa zaidi, na huko Katanga kina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliacha kutegemea wafanyakazi wa muda mfupi, ikawataka waishi kambini pamoja na wake zao. Ikajenga materinite, ikaanzisha kliniki za wajawazito na za watoto wachanga, na ikatoa posho kwa familia nzima. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilitaka watoto wazaliwe na kukua wawe wafanyakazi wa kesho. Gécamines iliyoirithi iliendelea kugawa unga, mpaka uchumi wake ulipoanguka baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka Septemba 1990. Tangu hapo chakula cha mjamzito katika kambi za zamani za kampuni kimetegemea anachopata mume siku hiyo, au anachouza mke mwenyewe sokoni.

Sahani ya kawaida ya Lubumbashi ni bukari na mboga. Bukari hushibisha na kutoa nguvu, lakini unga wa mahindi una kemikali ya asili inayokizuia chuma kisinyonywe vizuri tumboni. Kwa hiyo mboga inayoandamana nayo ndiyo inayoamua mambo. Sombe lililotwangwa na kupikwa vya kutosha, lengalenga, matembele, maharagwe na karanga vina asidi foliki, protini na madini. Kapenta inayoliwa nzima na mifupa yake hutoa kalisiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kuishinda. Embe, pera au limau baada ya chakula husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo huzuia.

Mama mwembamba anayeanza mimba akiwa chini ya uzito wa kawaida anahitaji kuongeza kilo 12.5 hadi 18. Mwenye uzito wa kawaida, kilo 11.5 hadi 16. Mnene, pungufu ya hapo. Njaa huacha alama inayopimika. Uholanzi ilipozingirwa majira ya baridi ya 1944–1945, watoto ambao mama zao walikosa chakula miezi mitatu ya mwisho walizaliwa wepesi kwa karibu gramu 300. Huko Gambia, wajawazito wa vijijini walipopewa biskuti zenye lishe, watoto wao walizidi wengine kwa gramu 136 kwa wastani, na katika msimu wa njaa kwa gramu 201. Matokeo yaliyochapishwa 2007 kutoka Dar es Salaam yana mafundisho ya namna nyingine: zaidi ya wanawake 8,400 wasio na virusi vya Ukimwi, wote wakiwa wanapewa chuma na asidi foliki, waligawanywa makundi mawili, moja likaongezewa vidonge vya vitamini B, C na E. Watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 katika kundi hilo na asilimia 9.4 katika lile lingine. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika hospitali inayozalisha maelfu kila mwaka ni watoto wengi.

Wapo wanawake wanaopunguza chakula au kukataa vidonge vya chuma miezi ya mwisho wakiogopa mtoto kuwa mkubwa na kuzaa kuwa kugumu. Vidonge hivyo haviongezi ukubwa wa kichwa cha mtoto. Vinaongeza damu ya mama, ambayo ataihitaji sana siku ya kuzaa. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa upole, kwa kuwa inatoka kwa watu waliowahi kuona kuzaa kukienda vibaya. Jambo jingine ni pemba, udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, ambao wajawazito wengi huutamani. Ukiliwa kwa wingi huweza kushika chuma tumboni na kuzidisha upungufu wa damu, na katika mkoa wa migodi udongo unaweza kubeba risasi na metali nyingine bila rangi wala ladha yake kubadilika.

Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa na hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita. Kwake oksijeni inayofika kwenye kondo hupungua, na yeye mwenyewe huchoka, hupumua kwa shida na kuvumilia vibaya hata damu kidogo inayopotea. Chuma cha miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi foliki ya mikrogramu 400 kila siku ndicho kipimo cha kawaida. Lakini si kila upungufu wa damu unatokana na chakula. Minyoo hunyonya damu, na mwanamke mwenye SS, yaani seli mundu, ugonjwa ulioenea sana Kongo, ana mishipa inayoziba kwa urahisi hata ndani ya kondo. Huyo anahitaji kufuatiliwa hospitalini tangu mwanzo; vidonge vya chuma peke yake havimtoshi, na wakati mwingine havimfai.

Malaria ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi. Kongo ina zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi wa malaria duniani, na huko Haut-Katanga mbu huzidi mvua inapoanza kunyesha kuelekea Novemba. Mtu aliyeugua malaria tangu utotoni hupata kinga fulani, lakini mimba ya kwanza huipita kinga hiyo. Vimelea vya falsiparamu vina protini inayoviwezesha kunata kwenye kondo, mahali ambapo mwili wa mwanamke huyo haukuwahi kupigana navyo. Hujikusanya hapo kwa maelfu, kondo huvimba, na chakula cha mtoto hupita kwa shida. Mama anaweza kuwa hana homa hata kidogo, na kipimo cha damu ya kidole kikaonyesha hana kitu, huku kondo limejaa vimelea. Kwa sababu hiyo dawa ya SP hutolewa bila kungoja ugonjwa, kuanzia wiki ya 13, angalau mara tatu, kila kipimo kikipishana na kingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza kotrimoksazoli hapewi SP. Katika mimba zinazofuata mwili hujifunza, na madhara hupungua.

Presha inayoanza baada ya wiki ya 20, ikifika 140 kwa 90 au zaidi na ikaambatana na protini katika mkojo, ni ile hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mzizi wake mara nyingi ni mishipa ambayo kondo lilishindwa kuipanua mwanzoni. Kwa hiyo mtoto mdogo na presha ya mama vinaweza kuwa matawi ya shina moja. Mwanamke aliyewahi kuipata, mwenye mapacha au mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuandikiwa aspirini ndogo ya miligramu 75, lakini inapasa ianze kabla ya wiki ya 20. Anayefika CPN mwezi wa sita ameikosa. Kaswende nayo huharibu kondo na kumdumaza mtoto au kumuua, ilhali hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kisukari huenda upande wa pili: sukari ya mama huvuka kondo lakini insulini yake haivuki, basi mtoto hutengeneza insulini yake kwa wingi na kunenepa kupita kiasi. Mtoto wa zaidi ya kilo nne si dalili ya afya siku zote.

Kisha kuna jiji lenyewe. Umeme ukikatika, na kwa nyumba nyingi hata usipokatika, chakula hupikwa kwa makala. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ukiwa baridi, mbabula huingizwa ndani na mlango ukafungwa. Makala yakishaiva hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo hushika hemoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni na kuikalia nafasi yake. Damu ya mtoto tumboni huishika zaidi na kuiachia polepole kuliko ya mama. Kupikia nje na kutolala na mbabula chumbani ni kinga isiyohitaji fedha. Sigara na tumbako ya kunusa hubana mishipa ya kondo, na watoto wa wavutaji huzaliwa wepesi kwa karibu gramu 200. Lutuku na pombe nyingine hupita moja kwa moja kwa mtoto. Madhara yake kwenye ukuaji na ubongo yalielezwa na madaktari wa Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, na wa Seattle, Marekani, mwaka 1973.

Kuhusu metali, Lubumbashi imechunguzwa kuliko miji mingi. Utafiti wa 2009 ulionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo, watoto wakiwazidi wakubwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na watoto 108 wasio nazo. Metali katika miili ya mama zao wa makundi yote mawili zilikuwa miongoni mwa nyingi kuliko zilizowahi kuripotiwa kwa wajawazito popote. Kilichohusiana zaidi na kasoro kilikuwa kazi ya baba katika uchimbaji: hatari ilikuwa kubwa zaidi ya mara tano. Utafiti huo ulihusu kasoro, si uzito, na haukuonyesha njia ambayo madhara hupitia. Hata hivyo unabadilisha swali. Mambo yanayoitwa ya mama mara nyingi ni ya nyumba nzima, ya kazi ya mume, ya vumbi la mtaa na la nguo zinazorudi kutoka mgodini, na kumlaumu mwanamke peke yake kwa mtoto mdogo ni dhuluma.

Ukuaji hufuatiliwa kwa kifaa rahisi kuliko vyote: utepe. Mkunga hushika ncha moja kwenye mfupa wa kinena, akaupitisha juu ya tumbo mpaka ukingo wa juu wa mfuko wa uzazi. Mkunga makini hugeuza upande wenye namba uelekee chini, asije akasoma anachotarajia kuona. Kati ya wiki ya 24 na ya 36 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Ikipungua kwa tatu au zaidi, au ikibaki palepale kati ya ziara mbili, mama hutumwa kwenye ekografia. Ekografia iliyofanywa kabla ya wiki ya 24 husaidia zaidi, kwa kuwa huthibitisha umri wa mimba. Mama naye ana kipimo chake: mtoto aliyezoea kucheza akipunguza ghafla, si jambo la kungoja kesho.

Kondo lililokwisha kuharibika halina dawa ya kulirudisha. Kulala kitandani mchana kutwa hakujathibitika kumkuza mtoto, na kula mara mbili zaidi mwezi wa nane hakusaidii ikiwa tatizo ni njia. Kinachobaki kwa madaktari ni kutibu presha na maambukizo, kumchunguza mtoto mara kwa mara na kuchagua siku ya kumzalisha, kabla tumbo halijawa mahali pa hatari kwake kuliko nje.

Mtoto aliyezaliwa mdogo hupoteza joto haraka na sukari yake hushuka upesi. Maziwa ya mama hutakiwa ndani ya saa ya kwanza, na kwa walio wadogo sana, kulazwa kifuani ngozi kwa ngozi. Utafiti uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla mtoto hajatulia, kulipunguza vifo kwa robo miongoni mwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8. Hali ya miaka ya mbele ilifuatiliwa na daktari David Barker katika kumbukumbu za wakunga wa Hertfordshire, Uingereza, za watu waliozaliwa kuanzia 1911: waliozaliwa wepesi walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo utu uzimani. Wasichana waliodumaa tumboni huwa wafupi wanapokua, na kimo hicho huingia tena katika hesabu wanaposhika mimba zao.